Mjomba Aliponyamaza: Historia ya Taifodi Isiyofanana na Taifodi

Mwaka juzi nilifika Same nikiwa na homa. Nilikuwa nimetoka Dar kwenda kuwasalimia wazee milimani, na basi lilipopita Hedaru nilishaanza kutetemeka, jua lote lile la tambarare na mimi nimejifunika koti. Nikaona nisipande mlima hivyo hivyo. Nikaingia zahanati moja pale mjini, nikatolewa damu, nikakaa kwenye benchi. Baada ya nusu saa nikaitwa na kupewa karatasi: malaria na taifodi. Mama aliyekuwa amekaa pembeni yangu naye alipewa yake: malaria na taifodi. Kijana wa bodaboda aliyetutangulia alitoka akitabasamu, yeye ana taifodi "kidogo".

Si unajua? Kila Mtanzania amewahi kuambiwa ana taifodi kidogo.

Kesho yake nilipanda gari la Mbaga na mfuko wangu wa dawa. Mjomba alinipokea, tukasalimiana, akauangalia mfuko.

"Wamekwambia nini?"

"Taifodi, mjomba."

Akacheka. "Siku hizi kila mtu ana taifodi. Sisi zamani hatukuwa nayo."

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu. Mjomba anasema hawakuwa nayo, lakini mjomba huyo huyo ndiye mtu pekee katika ukoo wetu ambaye, nikisoma vitabu, nadhani huenda aliwahi kuugua taifodi ya kweli. Ila haikufanana na taifodi, na kwa hiyo ilipewa jina lingine, na jina hilo lilimgharimu mtu ambaye hakuwa mgonjwa.

Nisimulie kama mama alivyonisimulia. Ilikuwa 1979, mjomba ana miaka kumi na minne. Alianza na kichwa, kisha homa iliyopanda kila jioni. Tumbo halikumsumbua sana. Hakuharisha, kinyume chake alikaa siku nyingi bila kwenda chooni. Wiki ya pili ikaisha hivyo. Wiki ya tatu akanyamaza. Macho yako wazi, anakuona, ukimwita hageuki. Mikono inatetemeka, na vidole vinachunachuna blanketi usiku na mchana, kama mtu anayenyonyoa kuku asiyeonekana. Bibi alimlisha uji kwa kijiko. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kushuka Same, hivyo hakupelekwa hospitali mpaka ilipochelewa kuwa na maana, maana siku moja asubuhi aliomba maji kwa sauti yake mwenyewe, na kuanzia hapo akapona polepole. Jina la utani alilopata, Bubu, analo hadi leo, ingawa ni msemaji kuliko sisi wote.

Katika zile siku za ukimya watu walitafuta sababu, na sababu haikuwa mbali. Wiki chache kabla ya hapo babu alikuwa amegombana na jirani, mama mjane, juu ya zamu ya maji. Anayetoka Upare anajua zamu ya maji ni nini. Kuna ndiva, bwawa la kienyeji linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kutoka hapo mfereji unashuka shamba kwa shamba, kila nyumba na saa zake. Ukifungua maji saa si yako umeiba. Mjane alisema babu kamwibia, akasema na maneno mengine ya hasira. Mtoto wa babu aliponyamaza, maneno hayo yakakumbukwa. Mwaka haukuisha, mjane akahamia Hedaru na wanawe.

Sasa tuje kwenye historia, na tuanze na jina, kwa sababu sisi wapenzi wa lugha tunapenda kuanzia hapo.

Kiswahili kinaiita homa ya matumbo. Ni jina zuri na lina ukweli: kidudu chake, Salmonella Typhi, huingia kwa kinywa kupitia chakula au maji yenye kinyesi cha mtu aliyenacho, na hupenya kwenye utumbo mwembamba. Lakini hakikai hapo. Kinaingia kwenye damu, kinakwenda kwenye ini, bandama, uboho wa mifupa na kifuko cha nyongo, ndiko kinakozaliana. Tumbo ni mlango tu. Nyumba ni mwili mzima.

Wazungu waliliangalia jambo hilo hilo kwa upande mwingine. Neno taifodi lililetwa na daktari wa Paris, Pierre Louis, mwaka 1829, na maana yake ni "inayofanana na taifasi", homa nyingine ya zamani iliyosambazwa na chawa. Taifasi yenyewe inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya moshi, au ukungu. Moshi gani? Moshi wa akilini. Waliomtazama mgonjwa waliona mtu aliye macho lakini hayupo, anayenong'ona peke yake, anayechunachuna shuka. Wajerumani, waliotutawala mpaka Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa na jina la kale zaidi kwa homa za namna hii: waliziita homa ya neva.

Kwa hiyo ugonjwa mmoja una majina matatu, na kila jina limeshika kiungo chake. La kwetu limeshika tumbo, la Wafaransa limeshika ukungu wa akili, na la Wajerumani limeshika neva. Jina la ugonjwa ni kama tochi: linamulika mbele na kuacha giza pembeni. Mtu aliyefundishwa homa ya matumbo ataangalia tumbo. Mtoto aliyenyamaza milimani, tumbo lake halina neno, atamtafutia jina kwingine.

Na giza la pembeni ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1898 daktari mpasuaji wa Philadelphia, William Keen, alitoa kitabu kizima juu ya madhara ya taifodi yanayohitaji kisu. Alikusanya taarifa za wagonjwa wapatao 1,700. Humo mna watu waliooza miguu kwa sababu damu iliganda kwenye mishipa. Mna waliopata vidonda kwenye koo la sauti, waliovimba viungo, walioota majipu ndani ya mifupa miezi mingi baada ya homa kwisha na mgonjwa kurudi shambani. Miaka tisa kabla yake, daktari mwingine wa Marekani, Virgil Gibney, alikuwa ameeleza maumivu ya uti wa mgongo yanayobaki baada ya taifodi, makali kiasi kwamba mtu anaogopa kugeuka kitandani. Tukiuita ugonjwa huo homa ya matumbo mbele ya mtu anayelia mgongo, tutaonekana tunatania.

Zama hizo taifodi ilikuwa kila mahali. Ilimuua mshairi Gerard Manley Hopkins kule Dublin mwaka 1889. Katika vita ya Waingereza na Makaburu iliua wanajeshi wa Uingereza wapatao 8,000, wengi kuliko unavyoweza kutegemea kwa ugonjwa wa maji machafu. Arthur Conan Doyle, yule muumba wa Sherlock Holmes, alikuwa daktari wa kujitolea Bloemfontein mwaka 1900 wakati mji ule ulipofurika wagonjwa, naye akawa mtetezi wa chanjo ambayo ilikuwepo tayari lakini askari wengi hawakuchanjwa. Mary Kingsley, mwandishi wa safari za Afrika Magharibi, alikwenda Simon's Town mwaka huo huo kuwauguza mateka wa Kikaburu, akaambukizwa, akafa. Kabla ya dawa, mgonjwa mmoja hadi wawili katika kila kumi walikufa.

Mwaka 1948 ikaonekana kwamba kloramfenikoli inaiua Salmonella Typhi, na mambo yakabadilika. Mgonjwa akipewa dawa wiki ya kwanza, hafiki wiki ya tatu, na maajabu yote ya kitabu cha Keen yanaishi wiki ya tatu na kuendelea. Yakaanza kuitwa madhara adimu. Vizazi vya madaktari vikasoma mistari miwili mitatu tu juu yake. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo, maana neno "adimu" linadanganya. Madhara hayo yalipungua pale dawa zilipofika mapema. Pale ambapo barabara imekatwa na mvua, wiki ya tatu ipo kama ilivyokuwa 1898.

Nitoe mifano miwili ya majirani zetu, na yote miwili ni ya juzi tu.

Mwaka 2009, kwenye mpaka wa Malawi na Msumbiji, katika wilaya inayoitwa Neno (ndiyo, Neno), watu walianza kuugua homa na kisha kufanya mambo ya ajabu. Walipepesuka wakitembea. Maneno yaliwatoka mazito na kukatikakatika. Wengine walikakamaa na kutetemeka kama wazee wenye ugonjwa wa Parkinson. Mwanzoni haikueleweka ni nini. Damu ilipooteshwa maabara ikatoka Salmonella Typhi, tena sugu kwa dawa kadhaa za kawaida, kloramfenikoli ikiwa mojawapo. Watu 303 walihesabiwa kwenye mlipuko huo. 40 walikuwa na dalili za neva, na 11 walifariki. Niliposoma taarifa hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa Dar, usiku, na nilisimama nikatembea chumbani. Mikono inayotetemeka, maneno yasiyotoka! Nilimwona mjomba na blanketi lake.

Mfano wa pili unatoka Kasese, Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, mahali ambapo panafanana na kwetu kwa miteremko na kwa watu wanaokunywa maji ya mito. Kati ya mwisho wa Desemba 2007 na Julai 2009 hospitali za huko zilipokea watu wenye matumbo magumu kama ubao. Wapasuaji walipowafungua walikuta utumbo umetoboka. Katika taifodi, vidonda huchimbika taratibu kwenye utumbo mwembamba, kwenye vijivimbe vile vinavyopambana na vijidudu, na kufikia wiki ya tatu kimoja kinaweza kupenya ukuta wote. Uchafu unamwagika tumboni, na bila upasuaji wa haraka mtu haponi. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 577. Walotoboka utumbo walikuwa 249. Waliofariki, 47.

Tufanye hesabu pamoja. Vitabu vinasema kutoboka kunampata mgonjwa mmoja hadi watatu kwa mia. Ukichukua watatu, ili upate waliotoboka 249 unahitaji wagonjwa zaidi ya 8,000. Walikuwa wapi wengine wote? Majumbani, wakinywa dawa za malaria. Hawakuonekana mpaka pale mwili ulipopasuka na kulazimisha jina lake lisemwe. Dhara adimu, kwa maana hiyo, ni kama moshi unaotoka juu ya paa: ukiuona, ujue ndani moto umewaka muda.

Nimesema moshi, basi na tuende Moshi, maana mgonjwa wa Same akizidiwa huko ndiko anakopelekwa, mwendo wa kilomita mia hivi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za mji huo, KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 walikuwa wameambiwa wana malaria. Vipimo makini vilipofanyika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Rudia kuisoma: kumi na wanne. Waliobaki walikuwa na mambo mengi: vijidudu kwenye damu, homa zinazotoka kwa ng'ombe na mbuzi, homa za panya, homa za kupe, chikungunya. Taifodi ilikuwemo, ila haikuwa ile ya kila benchi.

Upande wa Pemba hali ilikuwa tofauti. Huko, watafiti walipootesha damu za wagonjwa wa homa, kijidudu kilichoongoza kati ya vile vya hatari kilikuwa Salmonella Typhi. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wajuaji wanaosema taifodi ya Tanzania ni hadithi ya maabara. Ipo. Tatizo ni kwamba tunaiona pale isipokuwepo na kuikosa pale ilipo.

Karatasi yangu ya Same, kwa mfano, ilitokana na kipimo cha Widal, kilichoanzishwa na Fernand Widal kule Paris mwaka 1896. Kipimo hicho hakitafuti kidudu. Kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi yake. Lakini askari hao hubaki kambini muda mrefu baada ya vita, na wengine walitengenezwa kwa ajili ya adui anayefanana naye. Kipimo kimoja, cha siku moja, kwa mtu aliyekulia kwenye maji ya mfereji, kinaweza kusema "ndiyo" kwa ugonjwa wa miaka iliyopita. Kuotesha damu ni bora, ila kunahitaji maabara, siku kadhaa na pesa, na hata hivyo kunamkamata mgonjwa mmoja na kumwacha mwingine. Mimi nilimaliza dozi yangu kama nilivyoelekezwa, nikapona. Nilikuwa na nini? Karatasi ninayo, jibu sina.

Nadhani hasara ya taifodi ya karatasi ndiyo hii. Si pesa tu, wala si usugu wa dawa tu, ingawa yote mawili ni makubwa. Jina likitumika kwa kila kichwa kinachouma, linachakaa. Mama akiambiwa mwanawe ana taifodi, hashtuki tena. Anajua itaisha kwa vidonge. Halafu siku homa ya kweli ya wiki tatu inapokuja, tumbo likawa gumu ghafla, au mtoto akaanza kuongea na watu wasiokuwepo, hakuna anayesema "hii ndiyo taifodi". Wanasema malaria imepanda kichwani. Wanasema degedege. Wanasema mashetani. Au wanakumbuka jirani.

Nilirudi Mbaga mwaka huu, safari hii mzima. Njiani watu walikuwa wanazungumzia mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, uliozinduliwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa miaka mingi. Ukiniuliza mimi, bomba lenye maji safi linaponya taifodi kuliko daktari, na choo kizuri kinamsaidia. Nchi za Ulaya zilianza kuishinda taifodi kwa mabomba na mitaro, kabla ya kloramfenikoli kugunduliwa. Lakini mabomba yale ni ya tambarare zaidi. Huku juu mfereji bado unapita shamba kwa shamba, na zamu bado zinagombewa.

Nilimweleza mjomba yote haya jioni, tukiwa tumekaa nje, yeye akimenya tangawizi. Nikamwambia habari za Neno, na za kuchunachuna blanketi, jambo ambalo madaktari wa zamani walilijua vizuri na kuliogopa. Nikamwambia pia kwamba siwezi kuapa. Hakuna damu yake ya 1979 iliyohifadhiwa mahali, na kuna homa nyingine zinazoweza kumnyamazisha mtu. Ya uti wa mgongo, kwa mfano, au malaria ya ubongo. Nilichonacho ni kufanana tu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo mimi na vitabu vyangu vyote hatukuwa tumeliuliza.

"Kwa hiyo yule mama hakufanya kitu?"

"Hakufanya kitu, mjomba. Hata kama haikuwa taifodi, hakufanya kitu."

Aliendelea kumenya tangawizi. Baadaye akasema kwamba yeye alijua siku zote, au alidhani anajua, ila wakati ule alikuwa mtoto, na alipopata sauti hakuna aliyemwuliza; walifurahi tu kwamba anaongea. Mjane mwenyewe alishafariki. Wanawe wapo, mmoja ana duka.

Sikujua la kusema, nikaaga nikalale. Nilirudi Dar siku ya pili yake. Wiki iliyofuata mjomba alinipigia simu, si kawaida yake, mimi ndiye ninayempigia. Alitaka kujua nauli ya kutoka Same mpaka Hedaru siku hizi ni shilingi ngapi.